Flashi iliyoliwa na betri: shajara ya wiki mbili mezani

Jumamosi, 1 Machi

Nimetoa flashi ya kamera kabatini leo kwa mara ya kwanza tangu harusi ya Desemba, na kifuniko cha betri kikakataa kufunguka. Nilikisukuma kwa kidole gumba mpaka kikatoka kwa mkwaruzo, unga mweupe ukamwagika mezani. Betri tatu zikatoka bila shida. Ya nne ilikuwa imeng'ang'ania springi kama kupe, na nilipoichokoa kwa kijiti ilitoka na nusu ya springi yenyewe.

Niliziacha humo zaidi ya miezi miwili. Betri za alkalaini hazipendi kuachwa ndani ya kifaa, zikiisha huvuja, nami nilijua.

Nilimpigia simu fundi mmoja wa kamera mjini. Kabla sijamaliza kueleza akasema flashi ikishamwagikiwa ni ya kutupa, akanitajia bei ya nyingine. Sikubishana naye. Lakini flashi hii niliinunua kwa malipo ya harusi ya kwanza kabisa niliyopiga picha, na tarehe 15 mwezi huu nina harusi Donholm, ukumbi wenye dari jeusi na taa chache. Nina wiki mbili. Naitengeneza mwenyewe, hapa hapa Umoja, Nairobi, na naandika kila hatua ili nikikwama nijue nilikopita.

Jumapili, 2 Machi

Siku ya kusafisha. Dada yangu mdogo aliona nikitafuta siki akashangaa. "Kaka, si ni magadi? Baba alikuwa anasafisha betri ya gari kwa magadi." Ni kweli alikuwa anafanya hivyo, na alikuwa sahihi, kwa sababu betri ya gari ina asidi ya salfa na magadi huiua asidi. Betri hizi ndogo za alkalaini ni kinyume chake. Ndani yake kuna haidroksidi ya potasiamu, ambayo ni besi, na ikivuja inakutana na kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka kaboneti, ule unga mweupe. Besi huuawa kwa kitu kichachu: siki au maji ya limau. Ukiweka magadi unaongeza besi juu ya besi. Naona watu wengi wanaita majimaji haya "asidi ya betri", na jina hilo ndilo linalowapoteza.

Nilichovya pamba kwenye siki, nikaikamua karibu ikauke, nikaigusisha kwenye springi. Povu likachemka, dogo dogo, lenye mlio kama soda iliyofunguliwa masikioni. Likitulia nabadilisha pamba. Mara sita. Povu lilipokoma nilipangusa kwa spiriti, maana siki nayo ikiachwa inakula chuma, kisha nikasugua vyuma vyote kwa mswaki wa zamani na kipande cha msasa laini. Glavu ni lazima. Unga ule unawasha ngozi na jicho hauliachi salama.

Springi mbili zimepoteza ngozi yake ya nikeli, chini ni chuma chekundu cha kutu. Ile iliyokatika itabidi nitafute nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua springi kwenye rimoti ya televisheni iliyokufa zamani. Ukubwa ni ule ule. Nimeikaza kwa muda tu nione kama kuna uhai.

Betri nne mpya ndani, swichi juu. Taa ya kijani ikawaka, na ule mlio mwembamba wa flashi inapojaza ukaanza. Kila mpiga picha anaujua mlio huo: ni transfoma inayopandisha volti 6 za betri hadi zaidi ya 300. Kwa flashi nzima unapanda kama mluzi kisha unatulia, taa nyekundu inawaka, umeshakuwa tayari. Wangu ulipanda kidogo, ukashuka, ukawa kama mbu aliye mbali, na taa ya kijani ikafifia. Dakika mbili, hakuna nyekundu.

Nilizima, nikatoa betri, nikafungua skrubu nne za kasha.

Hapa nataka kuandika kwa makini. Nilidhani kwa kuwa taa nyekundu haikuwaka, hakuna umeme wa maana ndani. Nikapitisha bisibisi karibu na kapasita kubwa, ile inayohifadhi umeme wa kupigia mwanga, nikitaka kuisogeza nione waya za chini. Cheche ilipiga kwa mlio kama wa baruti ya watoto, mwanga wa bluu, na ncha ya bisibisi sasa ina kijishimo cha ukubwa wa punje ya mtama. Kidole changu kilikuwa kwenye mpini wa plastiki. Kingekuwa sentimita mbili mbele nisingeandika leo, au ningeandika kwa mkono mwingine.

Kapasita hii imeandikwa maikrofaradi 1,400, volti 330. Ikijaa inabeba zaidi ya jouli 70 za nishati. Flashi inazimwaga kwenye mrija wa zenoni, ule unaotoa mwanga, kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa kitambo hicho nguvu inayopita ni sawa na birika 35 za umeme za wati 2,000 zikiwashwa pamoja. Kutoa betri hakubadilishi kitu. Chaji hukaa humo kwa saa nyingi, hata siku. Na taa nyekundu huwaka ikikaribia kujaa, kwa hiyo kutowaka kwake hakukwambii kwamba kapasita ni tupu. Nimefunga kasha kwa utepe, nimeiweka juu ya kabati mahali ambapo dada hafiki. Sirudi humo bila chombo cha kuimwaga.

Jumatano, 5 Machi

Mjini, barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mvua ilianza nikiwa bado kwenye matatu na barabara yote ilikuwa miavuli, ingawa tangu ifanywe ya upande mmoja mwaka 2019 angalau mtu wa miguu ana pa kupita. Nimenunua balbu ya zamani ya waya ndani, wati 40, na kishikizo chake, kwa sababu za LED hazifai kazi hii. Pia waya mwekundu na mweusi wenye nyuzi nyingi, mkebe mdogo wa fluksi, ile dawa inayosaidia risasi ya kulehemu ishike, na vibanio viwili vya mamba, vya meno, vya kubana waya. Vyote havikufika shilingi 1,000.

Kijana wa dukani alitaka kuniuzia kapasita na transista pia. "Flashi ikikataa kujaza ni moja ya hizo mbili." Nusura nitoe pesa.

Alhamisi, 6 Machi

Chombo cha kumwaga kimekamilika: balbu kwenye kishikizo, waya mbili za urefu wa mkono, kila ncha imevikwa plastiki ikabaki milimita chache tu za shaba. Sababu ya balbu badala ya kipande cha waya ni kwamba balbu inazuia umeme usitoke kwa mkupuo, tena unaona kwa macho. Niligusisha ncha kwenye miguu miwili ya kapasita, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Ile cheche ya Jumanne haikuimaliza chaji: baada ya siku mbili kabatini, balbu iliwaka! Rangi ya chungwa, dhaifu, ikafifia taratibu kama kaa la jiko linalozimika. Nilishikilia kwa sekunde 10 zaidi, kisha nikapima kwa mita ya umeme: volti 0.8. Ndipo nikaingiza vidole.

Nimefanya hivyo kila mara tangu hapo. Kumwaga, kupima, kushika. Na kupima tena nikirudi kutoka kunywa chai, kwa sababu kapasita iliyomwagwa inaweza kujirudishia kidogo yenyewe.

Jioni yote nilikuwa natafuta kosa kwa mlio wa mita, ambayo hulia njia ya umeme ikiwa haijakatika. Springi hadi bodi, mita inalia. Waya mwekundu, inalia. Waya mweusi, inalia. Swichi, inalia. Diodi inapitisha upande mmoja kama inavyotakiwa. Kila kitu kizima, na flashi haijazi. Nikaanza kumwamini yule kijana wa Luthuli.

Ijumaa, 7 Machi

Stima imepotea tangu saa kumi na mbili jioni. Hakuna kazi.

Lakini asubuhi nilipita kwa mzee wa redio, pale karibu na steji. Ni mtu wa Mombasa, na kwake husemi neno kabla ya shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Lete maneno."

Nikamweleza: betri zilivuja, nimesafisha, mita inalia kila mahali, transfoma inapiga mlio kisha inachoka. Alikuwa anafunga waya kwenye spika, hakuinua macho. "Mita ikilia inakwambia njia ipo. Haikwambii upana wake. Punda mmoja anapita, lakini wewe unataka kupitisha lori."

Nikabaki nimesimama na mwavuli unachuruzika. Ndivyo hasa. Mita ya mlio inapitisha umeme kidogo mno, na yangu hulia hata kwenye njia yenye omu 30 za ukinzani. Flashi inapoanza kujaza inavuta ampea kadhaa kutoka kwenye betri. Tuseme 4. Njia ikiwa na nusu omu tu ya ziada, umepoteza volti 2 njiani kati ya 6 ulizonazo. Kwa redio ndogo au rimoti nusu omu si kitu. Kwa flashi ndiyo tofauti ya kufa na kupona.

"Pima ikiwa kazini," mzee akasema. "Na mikono yako iwe mbali."

Jumamosi, 8 Machi

Leo ndiyo siku yenyewe, kwa hiyo naandika kirefu.

Nilibana vibanio vya mamba mahali pake kwanza, kila kitu kikiwa kimezimwa na kapasita imemwagwa, kisha nikaweka betri, nikakaa mbali na kubonyeza swichi kwa kijiti. Kwenye betri zenyewe, flashi ikijaza: volti 5.6. Nikazima, nikamwaga, nikahamisha vibanio hadi pale waya zinapoingia kwenye bodi. Nikawasha tena: 3.2.

Volti 2.4 zinapotelea kwenye waya mbili zenye urefu wa kidole na springi chache. Nilimwita dada aone. Hakuelewa furaha yangu, lakini alishika tochi ya simu.

Niling'oa waya mweusi, ule wa upande wa mkia wa betri, ambako kulivuja zaidi. Kwa nje ni mzuri, plastiki laini, hauna doa. Niliuchuna kwa wembe karibu na springi. Shaba haikuwepo. Kulikuwa na unga wa kijani wenye unyevu, kama ukungu wa mkate, na ndani yake nyuzi nne au tano bado zimeshikana. Hizo tano ndizo zilizokuwa zinaliza mita. Nikachuna sentimita moja zaidi: nyuzi zote zipo, lakini nyeusi kama masizi. Sentimita nyingine: bado nyeusi. Majimaji ya betri hupanda ndani ya waya, kati ya nyuzi, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na yanatembea mbali kuliko jicho linavyoona. Nilisafisha chumba cha betri siku nzima Jumapili iliyopita na ugonjwa ulikuwa umeshahamia chumba cha pili.

Nilijaribu kulehemu kwenye ile shaba nyeusi, kwa kutaka kujua tu. Risasi ya kulehemu inayeyuka, inajikunja kuwa tone, inateleza kama maji kwenye jani la myugwa. Haishiki. Waya wa namna hiyo haufai kukatwa kidogo na kuunganishwa. Unatolewa wote, kutoka springi mpaka bodi, na mwekundu pia, hata kama wenyewe ulikuwa umeanza tu kupoteza rangi upande mmoja.

Waya mpya nilizochagua ni nene kidogo kuliko za awali. Kwenye bodi zilishika mara moja. Kwenye springi ilikuwa vita, kwa sababu chuma chenye kutu hakipendi risasi. Nilikwaruza mpaka kikameta, nikapaka fluksi, nikapasha chuma chenyewe badala ya kupasha risasi, nikahesabu mpaka tano, ndipo nikagusisha. Ikatambaa ikazunguka mguu wa springi, yenye kung'aa, bila uvimbe. Springi ya rimoti pia nimeilehemu sasa, si ya muda tena. Zile mbili zenye kutu nimezipaka safu nyembamba ya risasi pale betri inapogusa, zisianze kutu upya.

Kipimo kipya, betri zile zile, kwenye bodi: 5.3.

Sikuiacha ijae leo. Nilizima baada ya sekunde chache, nikamwaga. Kuna jambo moja la kufanya kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Jambo lenyewe ni kapasita. Kapasita ya aina hii ina ngozi nyembamba sana ya oksidi ndani, na isipotumika kwa muda ngozi hiyo hudhoofika. Ukiijaza ghafla inavuja umeme na kupata joto. Ndiyo sababu vitabu vya maelekezo vya flashi nyingi husema uiwashe na kuipiga mara chache kila mwezi hata kama huna kazi. Yangu ilikaa kabatini, na Jumanne ile ikajazwa nusu na kuachwa hivyo. Nimeirudisha taratibu: kuwasha sekunde tano, kuzima, kungoja dakika tano, kupima volti zinavyoshuka. Mwanzoni ilikuwa inapoteza haraka. Kufikia mara ya saba ilikuwa inashikilia vizuri na haina joto hata kidogo mgongoni.

Mara ya nane nikaiacha. Mluzi ukapanda, ukapanda, sikupumua, ukawa mwembamba kabisa mpaka ukatoka kwenye masikio yangu. Taa nyekundu. Sekunde 21.

Nikafunga kasha kwa skrubu mbili, nikaigeuzia ukutani, nikabonyeza kitufe cha majaribio. Chumba kizima kikawa cheupe. Dada alipiga kelele jikoni akidhani ni radi.

Mara ya pili sekunde 11. Ya tatu 8. Ya kumi 6, na imekaa hapo.

Jumanne, 11 Machi

Kabla ya kuipandisha kwenye kamera nilipima volti za mguu wake, ule unaoingia juu ya kamera, kati ya pini ya katikati na chuma cha pembeni: 4.9. Flashi za zamani sana ziliweza kuwa na zaidi ya 200 hapo, na kamera ya dijitali inaweza kuungua kwa mguso mmoja. Yangu si ya zamani hivyo, lakini nimetoka kuifungua na kuifunga, na kamera ni ghali kuliko flashi. Kupima kunachukua dakika moja.

Nikaipandisha. Kitufe cha flashi kinafanya kazi, kitufe cha kamera hakifanyi. Moyo ulishuka. Nikageuza mguu juu: pini ya katikati imezama, haichomozi kama zile nyingine. Inakaa juu ya kijispringi chake, na unga mweupe ulikuwa umefika hadi huku, pengine flashi ilikuwa imelala kichwa chini kabatini. Tone la siki kwa ncha ya kijiti cha meno, spiriti, kubonyeza na kuachia mara ishirini. Ikaanza kuruka. Nikamaliza kwa kifutio cha penseli kwenye pini zote.

Kamera, kitufe, mwanga. Picha ya kwanza ni ya sufuria zetu ukutani, na kila moja ina nyota yake.

Ijumaa, 14 Machi

Jaribio la kazi ngumu. Nimeweka betri za kuchaji za nikeli, volti 1.2 kila moja badala ya 1.5. Kwa hesabu ya karatasi zingekuwa dhaifu, lakini zinatoa umeme mwingi kwa wakati mmoja bila kulegea, na flashi inajaza kwa sekunde 4. Kama nusu omu niliyoitoa kwenye waya, hapa pia suala ni upana wa njia, safari hii ndani ya betri yenyewe. Nimepiga mara 15 kwa nguvu zote, nikapumzisha dakika kumi ili mrija na plastiki ya mbele vipoe, raundi nne kwa jumla. Mara 60. Hakuna hata moja iliyokosa. Nimegusa kasha upande wa waya mpya, ni baridi.

Nimepita kwa mzee wa redio kumwonyesha. Aliigeuza mkononi, akaomba nipige mara moja juani, akatazama upande mwingine wakati wa mwanga. "Ile waya mbovu umetupa?" Nikamwambia ninayo. Akaniomba, akaitundika kwenye msumari wa kibanda chake juu ya spika, awaonyeshe vijana wanaokuja na mita zinazolia.

Jumapili, 16 Machi

Harusi imepita. Ukumbi ulikuwa na giza kuliko nilivyokumbuka. Nimepiga karibu mara 300, nikielekeza flashi kwenye karatasi nyeupe niliyoifunga juu yake kwa sababu dari lile jeusi lingemeza mwanga wote. Bibi harusi alipoingia na shangazi zake wakimpigia vigelegele niliweza kupiga tatu mfululizo, na katika ya pili shangazi mmoja ana chozi lililosimama nusu ya shavu.

Usiku, kabla ya kuvua viatu, nilitoa betri nne nikaziweka kwenye mkebe wa majani chai juu ya rafu. Flashi iko pembeni, chumba chake wazi. Kilichobaki ni jino la kifuniko nililolivunja tarehe 1. Kwa sasa linashikiliwa na utepe mweusi, na Jumamosi ijayo nitalichonga jipya kwa plastiki ya ndoo iliyopasuka.